Christiaan Barnard, daktari aliyengoja moyo usimame

Mara tatu mwaka huu wafanyabiashara wenzangu wa hapa Busia wameniuliza iwapo ni kweli kwamba mtu akishafariki, figo yake inaweza kutolewa na kumwokoa mwingine. Kila mara nimejikuta nikiwaeleza habari za mtu mmoja, marehemu Daktari Christiaan Barnard wa Afrika Kusini. Sababu ni kwamba karibu maswali yote yanayotutatiza leo kati ya Busia na Tororo yalimkabili yeye usiku mmoja wa Desemba mwaka wa 1967. Wazee wanamkumbuka kutoka redioni. Vijana wengi hawajapata kulisikia jina lake, na wale waliorejea nyumbani kutoka ng'ambo huniambia kwamba walijaza fomu za kutoa viungo walipokuwa wakichukua leseni za kuendeshea gari huko Uingereza au Marekani, bila kujua jambo hilo lilianzia bara hili hili.

Barnard alizaliwa tarehe 8 Novemba 1922 katika mji mdogo wa Beaufort West, sehemu kame ya Karoo. Baba yake, Adam Barnard, alikuwa mchungaji, lakini hakuwahubiria wazungu wenzake. Kanisa lake lilikuwa la watu ambao serikali ya huko iliwaweka katika kundi la machotara, na familia ya mchungaji wa aina hiyo haikuheshimiwa sana na wazungu wa mji ule. Nyumba yao haikuwa na mali. Ndugu yake mmoja, Abraham, alikufa akiwa mtoto mdogo kwa ugonjwa wa moyo. Wanaopenda hadithi nzuri husema kifo hicho ndicho kilichompeleka kwenye upasuaji wa moyo. Mimi sina hakika kwamba maisha ya mtu huenda sawasawa hivyo, maana kabla ya kufika kwenye moyo alipitia mengine mengi.

Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Cape Town, akamaliza mwaka wa 1945. Alifanya kazi kama daktari wa kawaida katika mji wa mashambani wa Ceres, kisha akarudi Cape Town kutibu wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kifua kikuu, na utafiti wake juu ya ugonjwa huo ukampa shahada ya juu mwaka wa 1953. Baadaye alishughulikia watoto wanaozaliwa utumbo ukiwa umekatika au kuziba. Kwa kufanya majaribio juu ya mbwa alionyesha kwamba kasoro hiyo hutokea pale damu inaposhindwa kufika sehemu ya utumbo mtoto akiwa bado tumboni. Wapo watu walio hai leo kwa sababu ya kazi hiyo, nao hawajui hata jina lake. Angeliishia hapo angekuwa daktari wa heshima, lakini mimi nisingekuwa naandika habari zake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1955 alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako profesa Owen Wangensteen na Walton Lillehei walikuwa wakifungua njia mpya ya kupasua moyo ulio wazi. Huko ndiko alikoiona mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo wenyewe umesimamishwa. Alikamilisha kwa takriban miaka miwili masomo ambayo wengine huyachukulia muda mrefu zaidi, na alipofunga safari ya kurudi, Wangensteen alimsaidia kupata mashine ya aina hiyo aende nayo kwao. Wafanyabiashara wataelewa ninachosema: alirudi na mtaji. Mwaka wa 1958 hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town ilianza upasuaji wa moyo ulio wazi, na yeye akiwa kiongozi.

Mwaka wa 1966 alirudi tena Marekani kwa miezi michache, mara hii mji wa Richmond katika jimbo la Virginia, kwa daktari David Hume aliyekuwa bingwa wa kupandikiza figo. Kupandikiza kuna vita viwili. Kimoja ni kushona mishipa ili damu ipite. Kingine ni kinga ya mwili, ambayo hukitambua kiungo cha mtu mwingine kuwa mgeni na kukishambulia. Barnard alikwenda kujifunza hicho cha pili. Katika hospitali hiyo pia alimwona Richard Lower, ambaye pamoja na Norman Shumway wa Stanford walikuwa wametumia miaka mingi kupandikiza mioyo ya mbwa na kuandika namna ya kushona. Ukweli ni kwamba njia aliyoitumia Barnard ilikuwa yao kwa sehemu kubwa. Wao walifanya kazi ya kulima na kupalilia, yeye akafika sokoni mapema. Wako waliomlaumu kwa hilo hadi mwisho wa maisha yake.

Oktoba 1967 alipandikiza figo kwa mama mmoja mjini Cape Town, na mgonjwa huyo akaishi zaidi ya miaka 20. Hapo akajua kikosi chake kiko tayari.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe. Katika wodi ya Groote Schuur alilazwa Louis Washkansky, muuza duka la vyakula, mzaliwa wa Lithuania aliyehamia Afrika Kusini. Alikuwa na kisukari na moyo uliochoka kabisa, miguu imevimba, pumzi haitoshi. Aliambiwa kuna jambo ambalo halijawahi kufanywa kwa binadamu yeyote likafaulu, akakubali bila kusita. Barnard mwenyewe aliandika baadaye kwamba kwa mtu anayekufa uamuzi huo si mgumu.

Jumamosi tarehe 2 Desemba, alasiri, familia ya Darvall ilisimamisha gari kando ya barabara kuu karibu na hospitali. Mama, Myrtle, na binti yake Denise, karani wa benki mwenye umri wa miaka 25, walivuka kwenda kununua keki. Waliporudi wakagongwa na gari. Mama alikufa pale pale. Denise aliletwa hospitali fuvu likiwa limevunjika na ubongo umeharibika kiasi cha kutopona, lakini moyo wake ulikuwa ukipiga kwa msaada wa mashine ya kupumulia. Madaktari wawili wakamwendea baba yake, Edward Darvall, ambaye ndani ya saa chache alikuwa amempoteza mke na sasa anaambiwa binti naye hatarudi. Wakamwomba moyo na figo. Inasimuliwa kwamba alifikiri kwa dakika nne hivi. Akakumbuka jinsi binti yake alivyopenda kuwapa watu zawadi, kisha akawaambia kwamba kama hawawezi kumwokoa Denise basi wajaribu kumwokoa huyo mwingine.

Mimi nina mabinti. Kila ninaposoma sehemu hiyo huwa namsahau Barnard kabisa na kumkumbuka mzee Darvall.

Vyumba viwili vya upasuaji vilikuwa karibu karibu, Denise katika kimoja na Washkansky katika kingine. Hapo ndipo likaja swali ambalo halikuwa la kushona mishipa. Denise amekufa au bado? Wakati huo Afrika Kusini haikuwa na sheria iliyotaja kifo cha ubongo. Kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyoeleza alama za kifo cha ubongo ilitoa taarifa yake mwaka uliofuata, 1968. Kwa hiyo Barnard alitangaza kwamba walifuata njia ya zamani ambayo hata bibi kijijini angeikubali. Mashine ya kupumulia ilizimwa, wakangoja moyo wa Denise usimame wenyewe, na ulipokwisha kusimama ndipo wakafungua kifua. Leo madaktari huita hiyo kutoa kiungo baada ya mzunguko wa damu kukoma, kuitofautisha na kutoa kiungo baada ya ubongo kufa huku moyo ukiendelea kupiga kwa mashine.

Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba moyo wa Denise ulishtuliwa kwa umeme ndani ya kifua cha Washkansky, ukaanza kupiga. Figo yake moja ilipelekwa hospitali nyingine na kupandikizwa kwa mvulana wa miaka 10 wa kundi la machotara. Watu hulisahau hilo. Katika nchi ambayo watoto hao wawili wa Mungu wasingeweza kukaa benchi moja la kituo cha reli, kiungo cha mzungu kiliingia mwilini mwa mvulana huyo.

Washkansky aliishi siku 18. Moyo haukumsaliti. Dawa alizopewa ili mwili wake usiukatae ziliidhoofisha kinga yake, nimonia ikamwingia mapafuni, akafa tarehe 21 Desemba. Lakini Barnard alikuwa tayari amekuwa jina la dunia nzima.

Tarehe 2 Januari 1968 akafanya tena. Mpokeaji alikuwa Philip Blaiberg, daktari wa meno, mzungu. Moyo ulitoka kwa Clive Haupt, kijana wa kundi la machotara aliyeanguka ufukweni siku ya mwaka mpya kwa kuvuja damu ubongoni. Blaiberg alitoka hospitali akitembea, akaishi siku 594. Magazeti ya Afrika huru yalipiga kelele, na kwa haki. Iweje moyo wa mtu huyo ufae lakini yeye mwenyewe asifae kuishi mtaa mmoja na aliyeupokea? Serikali ya ubaguzi ilifurahi kuonyesha picha za Barnard kila mahali kana kwamba ni mali yake. Yeye alisema hadharani kwamba haupendi ubaguzi, ila alifaidi umaarufu ule bila kujinyima. Alipiga picha na waigizaji wa sinema, akamtembelea Papa Paulo wa Sita, ndoa yake ya kwanza ikavunjika.

Hapa niseme neno juu ya Hamilton Naki, maana bado nakutana na watu mpakani wanaoapa kwamba yeye ndiye aliyeutoa moyo wa Denise. Naki alikuwa mtu mweusi aliyeajiriwa chuoni kutunza bustani, kisha akaingizwa maabara, na akawa fundi hodari mno wa kupasua wanyama, aliyewafunza madaktari wengi. Barnard mwenyewe alimsifu. Mwaka wa 2002 alipewa nishani ya taifa, na 2003 Chuo Kikuu cha Cape Town kikampa shahada ya heshima. Lakini usiku ule hakuwemo. Alipofariki mwaka wa 2005 magazeti makubwa ya ng'ambo yaliandika kwamba alikuwemo, halafu yakalazimika kusahihisha. Sifa zake za kweli zinatosha bila kuongezwa.

Linalonisumbua zaidi ni jambo jingine. Mwaka wa 2006, Barnard akiwa kaburini, kitabu cha mwandishi Donald McRae kilieleza maelezo ya Marius Barnard, mdogo wake Christiaan aliyekuwa daktari katika kikosi kile kile. Kwa mujibu wa Marius, hawakungoja tu. Denise alidungwa potasiamu ili moyo usimame upesi na usiharibike kwa kukosa hewa. Denise asingepona kwa vyovyote, hilo hakuna anayelipinga. Lakini ikiwa ni kweli, basi umma uliambiwa jambo moja na chumbani likafanyika jingine, na siri ya namna hiyo ndiyo inayofanya watu wakatae kusaini fomu hata miaka 50 baadaye.

Ushahidi kwamba hofu hiyo si ya kishamba uko kule kule Richmond alikojifunza Barnard. Mei 1968 kibarua mweusi, Bruce Tucker, alianguka na kuumia kichwa, akapelekwa hospitali hiyo. Kesho yake moyo wake ulikuwa ndani ya kifua cha mfanyabiashara mzungu. Familia haikuulizwa. Ndugu yake William alikuwa fundi viatu karibu na hospitali hiyo, na kadi yake ya biashara ilikuwa katika vitu vya marehemu. Familia ilienda mahakamani ikidai kwamba Tucker alikuwa hai alipofunguliwa. Mwaka wa 1972 baraza la mahakama likawapa ushindi madaktari, akiwemo Hume na Lower. Tangu hapo kifo cha ubongo kikapata nguvu huko Marekani, lakini imani ya watu weusi haikupata chochote.

Kwa nini nawachosha wasomaji wa Busia na Tororo na mambo haya ya kale? Kwa sababu hapa kwetu watu wanakufa kwa figo. Shemeji yangu alikuwa akisafirisha mitumba kutoka Sofia hadi Tororo na Mbale. Shinikizo la damu likamla figo bila yeye kujua. Ilibidi asafishwe damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na kila safari ilimaanisha siku nzima ya biashara imekwenda. Siku moja tulifika kwenye hospitali ambayo sitaitaja tukaambiwa mashine imeharibika, turudi wiki inayofuata. Ndugu zake watatu walipimwa, damu ya mmoja haikulingana naye, wa pili alikuwa na kisukari, wa tatu akagoma. Simlaumu. Sheria ya kuwauliza walio hai peke yao ina ukatili wake, maana ndugu anawekwa pembeni na kutazamwa na ukoo mzima.

Upandikizaji tulio nao katika eneo hili bado ni wa figo, na figo hiyo hutoka kwa jamaa aliye hai. Kenya imeufanya kwa miaka mingi Nairobi, na Eldoret nako hufanywa. Tanzania ilianza Muhimbili Novemba 2017. Uganda ilipitisha sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka wa 2023, na Desemba mwaka huo huo Mulago ikapandikiza figo ya kwanza. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 inamruhusu mtu kutoa viungo vyake baada ya kifo kwa wosia, kwa maandishi au hata kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili. Nchi zote mbili zinakataza kuuza na kununua viungo. Hata hivyo, mwaka wa 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret na kuunda kamati ya uchunguzi kufuatia madai ya biashara hiyo. Mahali ambapo walio hai tu ndio wanaotoa, masikini hutafutwa.

Ndiyo maana njia ya Barnard ya kungoja moyo usimame inanivutia kwa watu wa mpakani. Kuthibitisha kifo cha ubongo kunahitaji chumba cha wagonjwa mahututi, mashine za kupumulia na mabingwa, na hivyo ni haba katika hospitali za wilaya na kaunti. Kifo cha moyo kusimama kila mtu anakijua. Lakini tusidanganyane kwamba ni rahisi. Mtu akiisha kufa kwa njia hiyo, madaktari wasiohusika kabisa na upandikizaji ndio wanaopaswa kutangaza kifo. Kisha nchi nyingi hungoja dakika tano kamili bila kumgusa, na Italia hungoja 20. Baada ya hapo saa inakimbia. Figo isiyopata damu katika mwili ulio na joto huharibika haraka mno, ilhali ikishaoshwa kwa maji maalumu na kuwekwa kwenye barafu inaweza kuvumilia siku nzima au zaidi kidogo. Moyo huvumilia saa nne hivi tu. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ni mpole kuliko vyote, maana kinaweza kutolewa saa kadhaa baada ya kifo. Mimi ningeanza na konea.

Huko Uingereza, hospitali ndogo haitakiwi kuwa na madaktari wa kupandikiza. Tangu 2010 vipo vikosi vya kusafiri ambavyo hupigiwa simu, vikaja na vifaa vyao, vikatoa kiungo kwa heshima, vikaushona mwili na kuondoka. Wengine wetu waliofanya kazi katika hospitali za huko wameviona kwa macho yao. Ulaya kuna muungano uitwao Eurotransplant, ulioanzishwa na daktari Jon van Rood mjini Leiden, Uholanzi, mwaka ule ule wa 1967. Leo nchi nane zina orodha moja ya wagonjwa, na figo ya Mbelgiji inaweza kwenda kwa Mjerumani usiku huo huo kwa kuwa damu na tishu zimelingana.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iligawana kazi: figo Nairobi, saratani Kampala, moyo Dar es Salaam. Mgawanyo huo ni mzuri kwenye makaratasi. Lakini majeruhi wa boda boda, jina ambalo wengi husema lilizaliwa hapa hapa kwa wale wa baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, hafi Nairobi. Anafia Masafu, Tororo au hospitali ya rufaa ya kaunti ya Busia. Zinahitajika maabara ya kulinganisha tishu inayopokea damu kutoka pande zote mbili, kikosi kimoja cha kusafiri chenye leseni inayotambuliwa Uganda na Kenya, na orodha moja ya wanaongoja. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Februari 2018, na lori la saruji kutoka Tororo siku hizi hukaguliwa upande mmoja tu. Figo haina foleni yake. Kadi aliyosaini mwenzetu akiwa Manchester nayo haina nguvu hapa. Ni lazima aandike upya, na bora zaidi awaambie wake zake, kaka zake na wazee wa ukoo, kwa kuwa wao ndio watakaosimama mlangoni siku hiyo.

Wazee niliowauliza, Wasamia, Wateso na Wajopadhola, hawakukataa kama nilivyotarajia. Walitaka kujua mambo mawili. Je, mwili utarudi nyumbani kwa wakati ili uzikwe bila kuonekana umechanwa? Na nani anahakikisha kwamba daktari hakuharakisha? La kwanza ni rahisi kujibu. La pili ndilo lile la Marius na potasiamu.

Wapo wanaouliza kuhusu ukimwi, kwamba mpakani ni nani atakayefaa kutoa. Mwaka wa 2008, katika hospitali ile ile ya Groote Schuur, daktari Elmi Muller alianza kupandikiza figo za marehemu waliokuwa na virusi kwa wagonjwa waliokuwa navyo pia. Alishutumiwa mwanzoni, baadaye Marekani wakaiga. Na mwaka wa 2014 madaktari wa hospitali ya St Vincent's mjini Sydney walipandikiza kwa watu wazima mioyo iliyokuwa imekwisha kusimama, wakiihuisha ndani ya mashine yenye damu ya moto. Kwa miaka mingi kabla ya hapo karibu mioyo yote ilitoka kwa watu waliokufa ubongo. Dunia ilirudi kwa Denise Darvall.

Barnard hakuwahi kuyaona hayo. Baada ya 1968 madaktari wa nchi nyingi walimwiga, wagonjwa wengi wakafa, na wengi wa madaktari hao wakaacha. Yeye aliendelea, na Shumway kule Stanford akaendelea kwa utulivu zaidi. Dorothy Fisher, mama wa kundi la machotara aliyepata moyo mwaka wa 1969, aliishi miaka 12. Dirk van Zyl, wa mwaka wa 1971, aliishi zaidi ya 23. Mwaka wa 1974 Barnard alianza kuweka moyo wa pili kando ya ule mgonjwa bila kuutoa, ili usaidie tu. Lakini baridi yabisi, iliyomwanza akiwa bado kijana kule Marekani, ilikuwa ikiila mikono yake. Mwaka wa 1983 aliweka kisu chini.

Miaka iliyofuata haikuwa ya sifa. Aliandika vitabu, akaoa mara ya tatu, akalikopesha jina lake kwa krimu ya gharama kubwa iliyodaiwa kuurudisha ujana wa ngozi, hadi wakaguzi wa dawa wa Marekani wakaingilia kati. Wauza vipodozi wa Busia wasimcheke peke yake.

Alifariki tarehe 2 Septemba 2001 akiwa mapumzikoni Paphos, kisiwa cha Cyprus, akiwa na miaka 78. Habari za kwanza zilisema moyo umemuua, na magazeti yakaipenda habari hiyo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha ni pumu. Majivu yake yalipelekwa Beaufort West, kwenye nyumba ambayo baba yake aliishi alipokuwa akiwahubiria watu ambao wazungu wa mji ule hawakutaka kuketi nao.